Maziwa Matatu ya Pugu

Tangazo niliandika mwenyewe, kwa kalamu ya wino mzito,
nikalibandika mlangoni pa duka la vocha, Gongo la Mboto:
MACHEO YA MAZIWA YA MILIMANI. KIONGOZI YUPO. CHAI IPO.
Fundi cherehani wa jirani akasoma, akacheka hadi sindano ikavunjika.
"Mwinshehe, milima ipi? Maziwa yapi?
Au umeanza kufuga ng'ombe?"

Saa kumi na nusu alfajiri walikuja watano.
Wanafunzi wawili wa uuguzi, wamevaa kandambili;
bwana mmoja wa bima, na mwanawe kalala begani;
na Bi Atuganile, mtu wa Rungwe, buti miguuni,
aliyenikagua kama anayenunua samaki wa jana.
"Mimi nimezaliwa kando ya ziwa lililo juu ya mlima," akasema.
"Ukitupa jiwe, hulisikii likifika.
Haya, tuonyeshe ya kwenu."

Pugu haipandwi kwa kamba.
Inapandwa kwa umande, hadi magotini,
tochi za simu zikigombana na giza,
komba akilia juu kama mtoto aliyenyimwa titi.

Ziwa la kwanza ni bwawa la shule, tusidanganyane.
Vyura walinyamaza tulipofika, wote kwa pamoja,
kama darasa lililomwona mwalimu.
"Hili," akasema Bi Atuganile, "ni beseni."

La pili lilikuwa limekauka.
Sikuwa na habari. Jumanne lilikuwapo, wallahi lilikuwapo.
Nikasimama kwenye ukingo wa matope yaliyopasuka
nikieleza kina cha maji yasiyokuwepo,
mkono ukionyesha kuanzia hapa, hadi kule kwenye mgunga,
na yule mtoto, ameamka sasa, akauliza:
"Limeenda kazini?"
Nikasema ndiyo. Limeenda kazini.
Nikamimina chai kabla ya wakati wake.

La tatu ni shimo la udongo mweupe.
Wachimbaji walipoondoka, mvua ikalirithi.
Kuta zake zimekatwa kama mkate kwa kisu butu,
na maji hayana rangi mpaka jua liyagawie.
Jua nalo likachelewa. Wingu lilijikalia upande wa mjini,
likafunika Kariakoo, minara, na bahari nzima,
tukabaki kutazama ndege ya alfajiri ikishuka,
taa zake zikipita juu ya maji
na ndani ya maji.

Kisha mwanga ukaingia kwa mlango wa uani.
Si mwekundu wa kwenye kalenda.
Ulianza na rangi ya maji yaliyooshea mchele,
ukaenda ukikolea, ukawa wa chupa, ukawa wa jani la mgomba,
na wale wanafunzi wakasahau kupiga picha.

"Kina chake?" akauliza Bi Atuganile.
Kila mgeni huuliza, na kila mgeni humpa namba.
Sijui ilikuwaje, nikasema:
"Miaka kumi na tisa.
Baba yangu alichimba hapa, sururu na toroli.
Alirudi nyumbani kope nyeupe, nywele nyeupe,
ana thelathini tu, tunamwita babu kwa utani.
Mama akimwogesha,
maji ya beseni yanageuka maziwa."

Hata komba hakusema kitu.
Bi Atuganile akaokota jiwe, akalipima kiganjani, akalitupa.
Chubwi.
Miviringo ikaja taratibu mpaka kwenye buti zake.
"Nimelisikia," akasema,
na sikujua kama ananilaumu.

Wakati wa kushuka akauliza bei ya watu sita, Jumamosi ijayo;
dada zake wanakuja kutoka Tukuyu.
Akataka punguzo. Nikakataa. Akataka tena, nikapunguza.

Fundi alikuwa ameshafungua, sindano mpya mdomoni.
"Enhe, Mwinshehe. Maziwa yalikuwepo?"
"Mawili," nikamwambia. "Moja limeenda kazini."