Jezi Namba Kumi na Moja

Mimi ndiye ninayefua jezi za Nyuki.
Jezi kumi na nane, bukta kumi na nane,
soksi sijui ngapi, maana hazijawahi kulingana,
kila Jumatatu, kwenye bomba la uani kwa Fwamba,
hapa Kenya (si nchi; Kenya yetu ya Lubumbashi),
mkabala na kinyozi Tshibang
ambaye wiki hii hajamaliza kichwa hata kimoja.

Kwa sababu Musenge ameuzwa.

"Hakuuzwa, kabadilishwa!" anapaza Banza, fundi simu.
"Yeye Kolwezi, na franga milioni sita juu yake,
sisi tunaletewa Kapend. Winga wa kushoto.
Miaka ishirini na moja."
"Ya karatasi," anasema Nkulu,
nusu ya ndevu imekwenda, nusu ingali povuni.
"Mie nilimuonaka Likasi. Iko na mtoto sekondari."

Kicheko. Mkasi unangoja hewani.

Banza anakunja vidole: mabao tisa,
pasi za mabao saba, mechi ishirini.
Na Musenge? Mabao mawili msimu mzima,
moja katika hayo alijifunga.
"Musenge alibakiaka," anasema Nkulu.
"Mishahara ilipokatika miezi minne
nani alikula bukari na chumvi, akaja mazoezini?
Hiyo nayo ihesabu. Kidole chake kiko wapi?"

"Mpira si ndoa, baba."
"Wala si gunia la makala, bwana mdogo,
ununue kwa kuangalia juu,
ufike nyumbani ukute chini ni vumbi."

Ndipo Chola, yule mwanafunzi wa kinyozi
anayefagia nywele na hazungumzi, akauliza:
"Lakini huyo Kapend anapiga kwa mguu gani?"
Hakuna aliyejua.
Wakabishana nusu saa juu ya mguu ambao hawajauona.

Mimi Musenge nilimjua kwa nguo.
Bega la kushoto jekundu kwa udongo,
kwani alianguka upande huo tu, kama mlango mbovu.
Mgongoni alama za njumu za watu wengine.
Ndani ya soksi, franga mia tano imekunjwa mara nne,
"ya sabuni, mama,"
na sabuni ilipopanda bei, zikawa mia tano mbili,
wala sikumwambia kitu, alipita dukani mwenyewe akaona.

Jana Kapend kajaribiwa, dakika arobaini,
mvua imetoka kunyesha, uwanja ni uji.
Leo jezi yake imenifikia, kumi na moja ileile.
Nikaitumbukiza. Nikasubiri.
Maji hayakubadilika rangi.
Nikaitoa, nikaigeuza nje ndani, nikainusa.
Jasho la kwapa, kidogo. Tope, hata tone.
Nikaiinua juani, huku nyuma yake
bomba refu la kiwanda halitoi moshi, kama siku zote,
nikaiangalia kama mtu anayesoma barua
iliyoandikwa kwa lugha ya jirani.

"Mama Kalumba!" Banza kaniona.
"Weye ndiye uko na jezi yake. Tuambie, kijana yukoje?"
Wote wakageuka, hata ile nusu ndevu.

Nikisema safi, Nkulu atasema: mnaona,
anaogopa matope, hatufai.
Nikisema safi, Banza atasema: mnaona,
hakuna beki aliyemgusa.
Na vichwa vya Kenya vitalala na nywele hadi Pasaka.

Nikakamua. Nikasema:
"Saizi yake ni ya wastani."

"Wastani! Umesikia?" Banza akapiga kiti.
"Nimesikia," akajibu Nkulu.
"Si ndicho ninachosema tangu asubuhi?"

Wakaanza upya.

Nikaianika mwisho wa kamba, mbali na zingine.
Moja ya pili imeanza kubandukia chini;
nimeishona mara tatu mgongoni kwa Musenge.
Uzi bado ninao.
Sindano nitaitafuta Ijumaa,
nikishaona anaangukia upande gani.