Mji wa Chaki

Walikuwa tisa, wote wa mji mmoja,
meli yao imezuiwa Kilindini kwa deni lisilo lao,
mwenye meli hashiki simu, mwezi wa tano huo.
Walikuja kibandani kwangu Shimanzi
na ovaroli zilizochanika magotini,
wakauliza bei kwa vidole.

Mdogo wao, Isagani, ndiye aliyekuwa mkalimani.
Lugha yake Kitagalogi; Kiswahili alikiokota langoni
kwa askari wa zamu na mama wa mahamri.
Kila neno nililomtupia alilidaka, akaligeuza,
akanionyesha upande wa pili, kama fundi akaguavyo kitambaa.

Kwetu, asema, bata ni mtoto.
Nikacheka hata nikajidunga.
Kwetu baba ni kidevu.
Basi babako, nikamwambia, bado mchanga, hajaota ndevu.
Kwetu wala ni hakuna, kitu kimekwisha.
Hapo sikucheka.
Mshahara? Wala.
Mchele? Wala.
Tukaelewana bila kamusi.

Siku mvua ilipopiga ya upande
akanisaidia kuingiza cherehani ndani.
Asante sana, nikasema.
Akanyamaza, akijifuta shingo.
Sana kwao ni laiti,
ni natamani ingekuwa.
Tangu hapo simshukuru mtu
ila nasikia mlango umeachwa wazi nyuma ya neno.

Huo mji wenu, nikamwuliza, ukoje?
Akachukua chaki yangu, kipande kama ukucha,
akauchora juu ya marudufu ya mteja:
pwani iliyopinda kama kiwiko,
kanisa lenye kengele ya ufa,
ofisi ya manispaa, ghorofa moja,
meya ni binamu wa kila mtu na deni la kila mtu;
soko, na pembeni ya soko mamake, Aling Pacita,
apimaye dagaa kwa kopo la maziwa;
mto, daraja, shule;
kisha safu ya nyumba ambazo hazijaisha.
Kila tofali, asema, ni siku za mtu baharini.
Dirisha lisilo kioo ni mwezi usiolipwa.

Nyumba zile nazijua, wallahi.
Dadangu anayo moja Mtongwe,
vyuma vimechomoza juu kama nywele zisizosukwa,
vyangoja riyali za Dammam.

Chaki haikai. Ukiipuliza imekwenda.
Usiku, umeme uliporudi,
niliufuata mji ule kwa uzi mweupe, njia kwa njia,
na mteja nikamwambia marudufu yake yameliwa na panya.
Mungu anisamehe; panya pia walikuwapo.

Tiketi zikaja Jumanne, bila mshahara.
Wakaja tisa kuniaga, wamevaa viatu vya safari.
Nikamtandazia kitambaa mezani.
Akapita na kidole pwani nzima, asiseme,
akagusa kengele, akagusa kopo la mamake,
akafika mtoni.
Mali, akasema.
Nikajivuna: naam, mali, kazi ya mkono hiyo!
Akatikisa kichwa. Mali, mali.
Wenzake wakainama kutazama, wote wakaitikia.
Kwao mali ni kosa.
Shule iko ng'ambo hii ya mto.

Gari lapiga honi nje.
Nikafumua kwa wembe, pumzi nimeishika,
nikaihamisha shule, mishono kumi na miwili,
ikatoka imeinama kidogo.
Ndivyo ilivyo, akasema. Imeinama kweli.

Akakikunja, akakitia kifuani, wakaenda.

Lakini marudufu haisahau.
Pale nilipokosea pamebaki matundu ya sindano,
huyaoni ila ukikishika juani.
Aling Pacita atakishika juani, namjua, ni muuza samaki,
hapokei kitu asichokigeuza.
Atauliza: na hapa, mwanangu,
hapa palikuwa na nini?