Picha ya Thelathini na Moja

Faili liligoma kufunguka tangu saa mbili.
Kaduara kakazunguka, kakazunguka,
nikachemsha chai, nikainywa, nikaosha kikombe,
na feni ya kompyuta ikahema kama mtu
aliyepanda na ndoo kichwani kutoka bondeni Kitangari.

"Ni kubwa kiasi gani?" aliuliza mzee Chinguwile.
Megabaiti mia tisa na kumi, nikamwambia.
Akatabasamu, kama mkulima aliyetajiwa kilo zake ghalani.

Miaka thelathini na minne bwana shamba,
Tandahimba, Mahuta, Newala, kwa mguu na baiskeli,
sasa anaandika kitabu cha maradhi ya mkorosho:
kurasa mia moja na kumi, picha sitini na tatu,
zote kazipiga mjukuu kwa simu mpya,
na kila jani lina uzito kuliko maneno yote ya babu yake.

Kwenye flashi nilikuta majina matatu:
KOROSHO MWISHO.
KOROSHO MWISHO KABISA.
KOROSHO MWISHO KABISA HII HAPA.
Nikafungua la tatu. Humo, ukiigusa picha ya tisa
ya kumi na mbili inaruka ukurasa,
maelezo yake yanabaki nyuma, yatima:
"Mbu wa mikorosho akinyonya chipukizi,"
chini ya picha ya bomba la salfa.

"Mbona nilizipunguza," akasema. "Nilizivuta pembe."
Ndiyo, mzee, umezivuta pembe.
Umekunja mdomo wa gunia; korosho zimo zote.
Ukurasa unaonyesha kijani cha vidole viwili,
faili linabeba shamba.

Basi nikazibana. Kitufe kimoja, picha zote.
Mia tisa na kumi ikawa kumi na nne.
Faili likafunguka kabla sijavuta kiti.
Nikajisifu kimoyomoyo, nikamgeuzia kioo.

Akavaa miwani. Akavua. Akaifuta kwa shati.
"Hii ya thelathini na moja," akasema, "ina nini?"
Jani. Jani zuri tu, na shada la maua.
"Ina ubwiri unga."
Tukainama wote wawili.
Ule unga mweupe, mwembamba kama poda shingoni mwa mtoto,
haukuwapo.
Nimeuponya mkorosho
bila salfa, bila bomba, nimeketi.

"Mkulima atalitazama shada lake, atalitazama hili,
ataona yamefanana, atakwenda kulala.
Oktoba atapeleka nini ghalani?
Binti, hii ni kangomba.
Umenipimia kwa bakuli."

Sikujibu. Nje ukungu wa Ruvuma ulikuwa umepanda
mpaka mlangoni pa duka,
na umeme, kwa adabu yake ya Julai, ukakatika.

Uliporudi nilianza upya, na lile faili zito.
Nikazitoa picha moja moja, nzima, na uzito wake,
nikazipanga kwenye folda kwa namba: 01, 02, 03,
sifuri mbele, ili ya kumi isiitangulie ya pili.
Kila pengo nikaliachia mstari mmoja mwekundu:
PICHA YA 31 IKAE HAPA. ISIBANWE.
Wachapaji watazipandikiza wenyewe,
nukta mia tatu kwa kila inchi, unga wote uonekane.

"Sasa kitabu hakina majani," akalalamika,
kidole kikipita juu ya mistari myekundu.
Lakini alikuwa anasoma. Penye pengo anasimama,
anasema kwa sauti ndogo kilichokuwapo:
hili la Mnyambe, mvua iliwahi;
hili la mjane wa Likapa, tulichelewa wiki moja.

Alilipa elfu saba. Akataka risiti,
na kwenye risiti niandike kazi niliyofanya:
kurudisha ugonjwa.

Aliondoka na flashi mbili,
ya maneno mfuko wa kushoto,
ya picha mfuko wa kulia,
na kiganja juu ya huo wa kulia
mpaka alipovuka barabara.