Kwa Penseli

Siku ya kustaafu Bi Anasia alinipa ufunguo
na neno moja: penseli.
Wino ukikosea, alisema, umekosea mpaka kiama.
Akachukua kikapu chake, akateremka ngazi,
akaenda kulima Kirua.

Nikabaki na chumba cha nyuma:
rafu sita za bati, feni isiyozunguka,
masanduku arobaini na moja yenye maandishi
MOSHI – HAYAAZIMWI.
Alfajiri nafungua madirisha ya upande wa mlima,
saa nne nayafunga,
maana vumbi la barabarani nalo ni msomaji,
huketi popote, halirudishi kitu.

Kazi yenyewe haina makuu.
Kung'oa pini zilizoota kutu.
Kufuta ukungu kwa brashi ya kunyolea ndevu,
niliyoinunua Mbuyuni kwa hela yangu
(fomu ya kuomba brashi ingali Dar es Salaam).
Kugombana na mchwa, ambao hawachagui ukoo:
wamekula daftari la kodi upande wa kulia,
wakaacha majina bila kiasi,
watu wazima wamesimama mstarini
wanadaiwa hewa.

Masika ya mwaka juzi paa lilivuja
juu ya sanduku la kumi na nne.
Nikatundika kamba za nguo chumba kizima,
nikaanika risiti za kahawa, barua za chama,
daftari la zamu za maji ya mfongo,
nikawa napita chini yake nimeinama
kama mkwe aliyechelewa ugenini.

Mlikuwa na picha. Wanawake tisa wanachambua kahawa.
Nyuma yake, kwa wino, mkono wa karani:
"Wanawake, Kibosho."
Basi.
Kwenye picha ya pili mbwa wa meneja ana jina.

Aisaria Lyatuu alikuja kutafuta hati ya kiwanja,
akasimama mbele ya kamba kama aliyeitwa.
"Wa tatu kushoto ni Ndekirwa, bibi mzaa mama.
Tazama kidole. Kilikatwa na mashine ya kumenyea."
Hati hakuipata. Aliondoka anapangusa uso kwa kanga,
na mimi nikachonga penseli.

Mwezi wa nane akaja mwalimu mmoja kutoka Machame,
miwani imefungwa kwa uzi.
"Huyu? Huyu shangazi yangu, Eliakunda.
Kidole kipo. Amekikunja tu, ndiyo tabia yake,
alikikunja hata siku ya harusi."

Nilichukua kioo cha kukuzia.
Kidole hakipo, au kimekunjwa;
ukisogea karibu mno
mtu anageuka madoa.
Nikaandika: Ndekirwa, kasema mjukuu.
Eliakunda, kasema mpwa.
Nikaacha nafasi chini, vidole viwili.

Lakini kinachoninyima usingizi si picha.
Ni ukurasa wa sitini na moja wa daftari la mfongo:
nyumba mbili, maji ya Jumatano,
jembe lililoinuliwa, jino lililotoka,
kisha mstari umekatika katikati ya neno.
Hapo katikati palilazwa jani la sale,
limekauka, jepesi kama ganda la kitunguu.

Kanuni inasema: toa mimea yote, inachafua karatasi.
Ilishachafua. Kurasa zote mbili zina umbo lake, kahawia,
kila moja imebeba nusu.
Na hapa kwetu anayekuja na sale mkononi
hahitaji kufungua kinywa;
ni wewe mwenye kinyongo ndiye wa kutafuta maneno.

Nikalitia kwenye bahasha. Namba 14/3.
Jani la sale. Ukurasa wa 61.
Aliyelileta: hajulikani.
Aliyeletewa: hajulikani.
Penseli ikabaki hewani kitambo.
Nikaongeza: Lilipokelewa.

Sina ushahidi. Ninalo jani,
ambalo mtu hakulitupa.

Kifutio kiko mezani.
Kila asubuhi nakisogeza, nafuta vumbi,
nakirudisha pale pale.