Njia ya Kwa Bibi

Ini nililijua kwa kisu kabla ya kalamu,
buchani kwa baba, Barabara ya Kumi na Tatu, Ngamiani.
"Usipasue nyongo," alisema, "utautia uchungu mtaa mzima."
Nikajua pande la kulia, kubwa, lenye maringo,
na la kushoto, jembamba,
na vile vipande viwili vya chini
ambavyo hakuna mteja aliyewahi kuviulizia.

Leo niko Bombo, chumba cha picha.
Jeli baridi tumboni mwa mama.
"Nieleze," anasema, macho darini,
"ila usinieleze kidaktari."

Haya. Ini lina lango moja, na wageni wawili.
Wa kwanza mwembamba, mwenye haraka,
katoka moyoni na hewa safi:
huyo ni ateri, analeta robo tu.
Wa pili mnene, mzito wa mwendo, ndiye vena ya lango,
katoka utumboni na kwenye bandama,
kabeba muhogo wa jana, mchicha wa nazi, vidonge vya alfajiri,
kama Zigi mvua ikinyesha Amani,
maji rangi ya chai, na udongo wa watu.
Zigi hatuunywi hivi hivi, mama.
Hutuama kwanza Mabayani.
Basi ini ndilo Mabayani yako.
Humo wageni huchanganyika, vichochoroni,
chembe ya damu ikipita kwa ubavu,
kisha hutokea juu, kwa vena tatu, kurudi moyoni.
Waja leo, waondoka leo:
mjini hapa ni damu tu niliyoiona ikitii.

"Na yangu je?"

Yako haiondoki.
Kirusi kiliingia siku asiyoijua mtu,
ini likajaa makovu, likakaza
kama lililosahauliwa jikoni.
Damu inafika langoni, inabisha, inarudi nyuma,
bandama inavimba kwa kungoja.
Hayo siyasemi.
Baba alikata maini kwa kilo; zamu yangu kukatwa.

Nateremsha kipimo kuelekea kitovuni
na hapo nauona mshipa usiopaswa kuwapo.
Kila mtu anao, umekufa, umekuwa uzi;
kwenye ini la ndama baba aliukata akamtupia paka.
Ndimo ilimopita damu ya bibi Mwantumu
kumlisha mama kabla hajawa na jina.
Miaka sitini na mmoja umefungwa.
Sasa damu, ikikosa pa kupita,
imeufungua, inatoka nao
kinyumenyume, hadi kitovuni.

"Mbona kimya? Umeona nini?"

"Njia ya kwa bibi imefunguka."

Anacheka. Picha yote inatikisika.
"Mwambie asiweke chai. Nadaiwa kanga mbili na Mwanjaa."

Nangoja tumbo litulie.
Napima tena.
Milimita sita.