Si Hoja

Boti imelazwa juu ya matairi manne
hapa Wiyoni, nyuma ya ghala la barafu,
na jina lake, Si Hoja, limepungua herufi:
gati la Mokowe limeondoka na J.
Mbwarahaji aliyekuwa usukani anasema ni mkondo.
Abiria wanasema ni simu.
Mimi siulizi. Naweka kiganja.

Kiganja husikia kabla ya jicho.
Hapa laini, hapa laini, hapa nyufa nyembamba
zimetawanyika kama kwenye kisahani cha zamani.
Nagonga kwa kipini cha bisibisi:
ko, ko, ko,
bu.
Hapo.

Waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta
walikuwa na nyumba ya mawe.
Faiba ina sheria yake: ufa hauzibwi
mpaka kwanza uupanue.
Unautia grainda, unaufanya mbaya zaidi,
mwenye boti akipita saa hiyo atakulaani,
na vumbi likishaingia kwenye kola
ni upupu; usiku mke wangu huniambia, kalale kule.

Lali ndiye aliyeshika taa.
"Fundi, kuna kitu chekundu."

Uzi.
Uzi mwekundu umeganda ndani ya rezini
kama unywele ndani ya kipande cha sabuni.

Naujua uzi huo.
Ni wa fulana niliyofutia asetoni
mwaka ule wa mvua, mtoto yuko wodini,
na mimi nimeahidiwa pesa zote
boti ikielea kesho yake.
Haikuwa imekauka.
Nilitia kidole, nikakinusa, kikanuka siki,
nikapaka nyeupe juu yake.
Miaka sita Si Hoja imevusha watu,
wajawazito, maharusi, walimu wapya na masanduku yao,
mbuzi wa arubaini,
juu ya uongo wangu wenye upana wa sahani.

Na Mbwarahaji anakatwa mshahara.
Mwezi huu theluthi. Mwezi ujao theluthi.

Safari hii nikaiacha siku tisa ikauke.
Bi Swafiya akapiga simu, nikamwambia bado.
Akapiga tena. Bado.
Nikalaza mkeka wa faiba, tabaka, tabaka,
nikitoa mapovu kwa brashi, moja moja,
kama mtu anayetoa chawa.

Halafu rangi. Nyeupe si rangi moja.
Iko ya kanzu ya Ijumaa, iko ya jino, iko ya tui,
na hii ya boti ni nyeupe iliyokaa juani miaka kumi.
Tone la manjano. Tone la kahawia.
Jeusi kwa ncha ya njiti ya kiberiti.
Hadina tukahesabu kwa sauti, mimi na Lali,
maana joto la Lamu halisamehe tone.
Kisha nikaifunika nailoni:
jelikoti haikauki juu ikitazamwa na hewa,
inataka sitara.
Mimi sitara nimeshakula ya kutosha.

Msasa mia nne. Mia nane. Elfu na mia mbili.
Elfu mbili, maji yakishuka meupe hadi kwenye kandambili.
Kisha polishi, kitambaa, duara ndani ya duara,
mpaka ndevu zangu zikatokea ubavuni mwa boti
na nyuma yake Lali, anapiga miayo.

Bi Swafiya akaja na miwani ya kusomea.
"Ndoo unioneshe palipovunjika."
Akatafuta. Akapapasa. Akainama, akainuka.
Hakupaona.
Hapo ningenyamaza, na kazi ingekuwa nzuri kabisa.

Nikautoa uzi mfukoni.
Nikasema mwaka. Nikasema siki.
Nikasema, Mbwarahaji usimkate.

Akauzungusha kwenye kidole cha shahada,
akautazama kama anayesoma tarehe ya dawa,
akautia mkobani, akafunga zipu.
Tulisikia mashine ya barafu, kwa muda mrefu.

"Na J yangu?" akasema.

Nikaiandika jioni ile ile, kwa brashi ndogo.
Lali anasema imepinda.
Imepinda.