Mwanya

Nilikuwa na miaka kumi na sita, nalipwa elfu nne kwa siku
kugonga kuta.
Chumba juu ya duka la vipuri vya baiskeli, Barabara ya Nane, Tanga,
pangaboi likikata joto vipande bila kulipunguza,
na Sechambo, aliyeuunda mchezo kwa kompyuta mbili za mtumba, akisema:
usicheze, Mwantumu. Wa kucheza tunao wengi.
Wewe haribu.

Nikaharibu.
Niliruka juu ya bati la stesheni mara mia tatu na kumi
mpaka mguu wa yule kijana wa kwenye skrini ukazama
kama kidole katika uji.
Nilimwendesha baiskeli kinyumenyume, nikamwingiza ukutani,
akatokea upande ambako dunia haijachorwa:
kijivu, hakuna chini, hakuna sauti,
yeye tu, anaanguka, anaanguka,
nami naandika katika daftari la kaunta:
Kasoro ya 88. Ukuta wa ghala la mkonge haushiki.

Mama alisema, wenzio wanasuka ukili, wewe wabonyeza.
Siku nilipoleta mchele kilo kumi alinyamaza,
akauchagua taratibu, chuya moja moja,
kazi ileile yangu.

Kisha akaja mpiga picha na taa mbili na poda.
Walimtaka binti wa wakala, yule wa Raskazone;
akaishika pedi ya gemu kichwa chini.
Njoo umwonyeshe vidole vinavyokaa, Sechambo akaniita.
Nikaonyesha. Wakaniacha palepale.

Waya haukuchomekwa popote.
"Furahi. Fikiria umeshinda."
Mimi sijawahi kushinda. Kazi yangu ni kukwama
na kusema nimekwamia wapi.
Nikamkumbuka yule kijana akianguka katika kijivu,
nikacheka.
Ndicho kicheko walichokinunua.

Wakakitundika Makorora, wakakibandika mgongoni mwa mabasi ya Lushoto.
Watoto wakaniita kwa jina la mchezo.
Muuza kachori Jumatatu alikataa hela yangu;
Jumanne akanitoza mara mbili, we tajiri sasa.
Tajiri gani! Elfu sitini, mara moja tu,
na fulana iliyonibana kwapani.

Nilikwenda kuitazama saa saba mchana.
Uso wangu, ukubwa wa nyumba ya vyumba viwili.
Kovu la chai ya moto halipo. Shingo si yangu.
Na katikati ya meno ya juu,
pale bibi alipopaita mlango wa riziki,
pale upepo hupita kila nikisema "salama",
wamejenga ukuta
ambao sikupewa kuujaribu.

Mkono ukaniwasha kwa mazoea.
Kasoro ya 213. Mwanya umezibwa.
Namna ya kuirudia: simama sokoni, tazama juu, tabasamu.
Uzito wa kasoro:
hapo nikasita. Tulikuwa na ngazi tatu,
ndogo, kubwa, na ile inayozuia mchezo usiuzwe.

Nikaweka ulimi mwanyani, nikapuliza.
Ukatoka mluzi, mbuzi wa mtu akageuka.
Yule wa juu alikuwa kimya, meno yote kamili.

Nikaandika ngazi ya tatu.
Sechambo aliisoma kesho yake, hakunitazama,
akagonga muhuri tuugongao mwisho wa siku:
Imeonekana. Haitarekebishwa.